Kabati la Mama Mkwe

Hapa Ilembo watu wananicheka kwa sababu ya swali langu moja. Mtu akiniita nikamtundikie kabati, kioo kikubwa au rafu ya dukani, sianzi kwa kugonga ukuta. Kwanza nauliza, "Ukuta huu aliusiriba nani?" Kama aliyeusiriba yupo, nataka aitwe. Vijana wenye mashine za umeme wananiona nimezeeka vibaya. Mwenye nyumba mmoja aliwahi kuniuliza kama nataka aitwe na aliyechota maji ya kukandia udongo. Nikamwambia kama anakaa karibu, naye aje.

Sijawahi kuwaeleza swali hilo nililipata wapi. Nimesimulia mengi kwenye vijiwe vya mafundi, nikatia chumvi pale nilipoona inafaa, lakini hili nimelikalia zaidi ya miaka arobaini. Ni aibu yangu ya miaka ya sabini, na mimi peke yangu ndiye niliyeitengeneza.

Nilikuwa seremala kijana mjini Mpanda, nimetoka karakana ya misheni nikiwa na sanduku la vifaa na kichwa kikubwa kuliko sanduku lenyewe. Kule karakana tulifundishwa na mzee mmoja mkali ambaye hakumruhusu mtu kupiga msumari kabla hajaujua ukuta. Alikuwa akitufunga macho kwa kitambaa, anatupanga mbele ya kuta za majengo ya misheni, anatuambia tugonge na tuseme kilichomo ndani. Matofali ya kuchoma yanajibu kwa sauti fupi na kavu. Matofali mabichi yananyamaza; unagonga, unahisi pigo limeishia mkononi mwako. Ukuta wa fito na udongo unatetema kidogo, na ukigonga kati ya mti na mti unasikia uwazi. Lakini sauti peke yake haitoshi, kwa sababu kinachopakwa juu kinaweza kuficha chochote. Kwa hiyo ukishagonga unatoboa tundu dogo kwa keke na kutazama vumbi. Vumbi jekundu ni tofali la kuchoma. Vumbi la rangi ya udongo, laini kama unga, ni tofali bichi. Keke ikizama ghafla, unaacha, maana hapo hakuna cha kushika.

Kila ukuta una kishikio chake. Kwenye matofali ya kuchoma tulikuwa tunachonga kigingi cha mninga mkavu chenye pembe nne, tunakipigilia kwenye tundu la duara mpaka kibane, kisha skrubu inaingia kwenye mti huo. Kwenye matofali mabichi kigingi kinakuwa kirefu, shubiri nzima, na ncha yake ya ndani inaelekezwa chini kidogo ili mzigo usikivute nje. Mzigo ukizidi unatoboa ukuta mpaka upande wa pili, unaweka ubao kule nje, na kuufunga kwa waya na ubao wa ndani. Kwenye fito na udongo hutundiki kitu kizito mpaka uupate mti uliosimama. Ukiukosa, unaliwekea kabati miguu na kulikalisha chini, na hakuna aibu yoyote katika hilo.

Niliyajua hayo yote. Naomba msomaji akumbuke kwamba niliyajua, kwa sababu asiyejua ana pa kujifichia, na mimi sina.

Mke wangu ni mtu wa Mpimbwe, kule bondeni kwenye mpunga. Nilipomwoa yeye niliingia pia katika adabu za kwao. Mama mkwe na mkwe wa kiume hawakutazamana usoni wala kusemezana. Nikimwona anakuja njiani, nilitoka njiani nikaingia majanini na kumpa mgongo mpaka apite. Yeye naye alijitanda kanga hadi puani. Nikiingia ndani, yeye alitoka. Likitokea neno la kuambiana, lilipitia kwa mke wangu: mama anamwambia binti yake, binti ananiambia mimi, na jibu linarudi kwa njia hiyo hiyo. Nilikuwa na miaka mitatu ya ndoa na sura yake sikuijua sawasawa. Nilizijua nyayo zake na kikohozi chake. Watu wa sasa wanaona ni mambo ya ajabu, lakini sisi tuliona ni heshima, na mimi binafsi niliipenda, kwa sababu ilinifanya nijione mtu mzito.

Wakwe zangu walikuwa wamehama makazi yao ya zamani pale watu walipokusanywa vijijini. Walihama kwa lori, na mke wangu, aliyekwenda kuwasaidia, alinisimulia safari ile mara nyingi. Kila kitu kilipakiwa, isipokuwa vyombo vya kauri vya mama yake. Zilikuwa sahani sita na vikombe sita, vyeupe, vyenye mstari wa bluu ukingoni, alivyoachiwa na mama yake mzazi. Hivyo alivifunga kwenye vitenge, akapanda juu ya magunia ya mpunga, akavipakata. Lori lilikwama mara mbili. Mtungi wa maji ulipasuka, kitanda kilivunjika mguu, kuku wawili walikufa kwa kubanwa. Vyombo vilifika vizima. Katika kijiji kile kipya, ambako kila mtu alikuwa amepoteza hiki na kile, yeye alikuwa na vyombo kumi na viwili visivyo na ufa, na wanawake wa jirani walikuja kuviona.

Nikaamua kumtengenezea kabati.

Nililitengeneza kwa mninga mtupu, milango miwili ya wavu wa waya, rafu tatu ndani, ukingo wa juu nimeuchonga maua. Lilihitaji wanaume wawili kulinyanyua. Lingeweza kabisa kupewa miguu. Lakini nilikuwa nimeona kwenye nyumba ya mapadri kabati lililoning'inia ukutani, juu ya usawa wa macho, na nikataka wakwe zangu walitazame la kwangu wakiwa wameinua shingo. Nilipanda nalo lori kutoka Mpanda, tukapita Sitalike mbung'o wakitutafuna shingoni, mimi nimelishikilia kwa mikono miwili. Sikujali kuumwa. Nilikuwa nafikiria jinsi watakavyosema.

Nyumba ya wakwe zangu ilikuwa ya matofali ya kuchoma, na hilo halikuwa jambo dogo. Baba mkwe alikuwa ameyabomoa kutoka nyumba yake ya zamani, akayaleta kwa mkokoteni wa ng'ombe, safari baada ya safari. Sebule nzima ilikuwa imesiribwa kwa udongo mweupe, laini, bila alama hata moja. Ilikuwa kazi ya mikono ya mama mkwe. Ukiweka kiganja unahisi ubaridi wake.

Siku ile, mchana, baba mkwe alikaa mbele ya nyumba na wazee wawili wa jirani waliokuja kuona kabati. Mimi nikaingia sebuleni na sanduku langu. Mama mkwe akatoka kwa uani, akaenda kukaa nyuma ya nyumba akipepeta mchele. Nilisikia ungo wake. Nikachagua mahali: katikati ya ukuta wa nyuma, mkabala na mlango, ili kila anayeingia alione kabati kabla hajaona kitu kingine. Nikagonga upande wa kulia. Sauti fupi na kavu. Nikatoboa tundu. Vumbi jekundu. Nikachonga vigingi viwili, nikavipigilia, vikabana vizuri sana. Kisha nikapima kwa pimamaji hadi upande wa kushoto na kuweka alama za penseli.

Kushoto sikugonga. Ukuta ni mmoja, nikasema, na nyumba ni moja.

Mke wangu akaingia. Alisimama kwa adabu karibu na mlango, kwa sababu nilikuwa kazini na alizijua hasira zangu za kazini.

"Mama anasema pale kushoto usipige," alisema. "Anasema usogeze kabati huku dirishani."

Sikujali hata kuuliza kwa nini. Nilikasirika. Niliona nimefundishwa miaka mitatu na mzee mkali, nimefungwa macho kwa kitambaa, halafu mtu wa kupepeta mchele ananionyesha pa kutoboa. Nikasema, na sikupunguza sauti, "Mwambie mama apepete mchele wake. Kuta ni kazi ya mafundi."

Mke wangu alinitazama. "Ndiyo nikamwambie hivyo?"

"Mwambie asiwe na wasiwasi."

Akatoka kwenda kumwambia hivyo. Nje ungo ulikuwa umenyamaza kwa muda, kisha ukaendelea. Nililisikia hilo, lakini halikunipa fikra yoyote.

Nikatoboa kushoto. Keke ilizama mapema kuliko nilivyozoea, na vumbi lililotoka halikuwa jekundu. Lilikuwa la rangi ya udongo wa kawaida. Hapo nilijua. Mkono wangu ulijua kabla ya kichwa, ukasita. Lakini wazee walikuwa nje wakingoja, tayari nilikuwa nimeshatuma jibu la kiburi, na kusogeza kabati dirishani kungekuwa kukiri kwamba mama mkwe anaujua ukuta kuliko mimi. Nikajiambia nimeangukia kwenye kiungo, ule udongo unaoshika tofali na tofali. Nikachonga vigingi viwili vinene zaidi. Kila kimoja kiliingia kwa mapigo manne tu, na kigingi kizuri hakiingii kwa mapigo manne.

Tukalipandisha kabati. Wazee wakaingia wakainua shingo, kama nilivyotaka. Baba mkwe akapitisha kidole kwenye maua yale ya kuchonga. Mke wangu akaleta vyombo vya mama yake, akavipanga: sahani rafu ya juu, vikombe vinaning'inia kwenye ndoano nilizozipanga kwa ajili yao. Ilikuwa furaha kubwa, na nilikula wali mwingi jioni ile.

Kesho yake mchana tulikuwa tumekaa hapo hapo sebuleni, baba mkwe, wazee wale wawili na mimi, tunakula. Nilisikia kwanza mchanga ukidondoka. Nikageuka. Kabati lilikuwa limeinama upande wa kushoto, taratibu, na mlango wake ukafunguka wenyewe. Sahani zilitoka moja moja. Nakumbuka nilipata muda wa kuzihesabu na sikupata muda wa kuinuka. Kisha vigingi vya kulia vilivyokuwa vimebana vizuri sana vikashindwa kubeba peke yao, na kabati zima likashuka juu ya vyombo.

Vumbi lilipotulia tuliona tundu kubwa ukutani. Hapakuwa na tofali. Palikuwa na fito zilizofungwa kwa kamba za magome, na udongo katikati, na kwenye udongo ule mkavu alama za vidole, safu juu ya safu, mahali mtu alipokuwa akibandika na kukandamiza. Zamani hapo palikuwa na mlango. Nyumba ile ilianzwa kujengwa ikiangalia shambani, halafu ikaamuliwa kwamba nyumba zote za kijiji ziangalie barabara. Kwa hiyo wakafungua mlango mpya mbele, na ule wa zamani mama mkwe akauziba kwa fito na udongo, kwa mikono yake, kisha akausiriba hadi usionekane. Alikuwa ameufanya vizuri mno. Baba mkwe hakukumbuka hata ulikuwa wapi hasa, maana wakati ule yeye alikuwa njiani na mkokoteni wa matofali.

Sasa ndiyo sehemu ambayo sikuwahi kuisimulia.

Kitu cha kwanza nilichosema, nikiwa nimesimama juu ya vigae vyeupe vya sahani, ni kwamba ukuta umesiribwa juu juu tu, na fundi hawezi kuona kilichofichwa. Nilisema kana kwamba nimekosewa mimi. Wale wazee wakatikisa vichwa kunihurumia. Baba mkwe alinitazama, akaniuliza kwa upole, "Mkwe, hakuna aliyekuambia habari za pale?"

Mke wangu alikuwa mlangoni. Alikuwa amekuja mbio kwa ile sauti ya kishindo, mikono yake ina unga.

Nikasema, "Sikuambiwa, baba."

Halafu nyuma ya nyumba, sauti ya mama mkwe ilipanda kwa ukali, ikimwita binti yake. Ndiyo mara ya kwanza kuisikia sauti yake ikipanda. "Wewe, nilikutuma nini jana?"

Mke wangu alisimama pale muda mfupi tu. Hakunitazama. Akasema kwa sauti ya kusikika na kila mtu, "Nilisahau, mama."

"Ulisahau."

"Nilisahau. Nisamehe."

Kisha akaenda kuchukua ufagio. Aliinama akafagia vyombo vya bibi yake mzaa mama, na mimi nilisimama kando nikimwacha afagie. Mzee mmoja akasema wasichana wa siku hizi wana vichwa vyepesi. Nilitikisa kichwa kukubali. Natamani ningekuwa nimezidisha hilo ili kunogesha hadithi, lakini nilitikisa kichwa kweli.

Tulirudi Mpanda, na mke wangu hakusema neno kuhusu jambo lile. Alipika, alifua, alicheka na majirani. Nilingoja anigombeze ili nami nipate nafasi ya kujitetea, na hakunipa. Nilianza kukwepa safari za Mpimbwe. Mara nina kazi nyingi, mara naumwa mgongo. Alikwenda peke yake na kurudi na mchele na salamu. Siku moja aliniambia kwamba kabati liko chini kwenye kona ya sebule, limepoteza mlango mmoja, na kuku ameatamia mayai kwenye rafu ya kati. Alisema bila kucheka. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka, nikajifanya nanoa randa.

Nilijiambia kwamba siri ipo kwa watu wawili, mimi na yeye, na yeye ameifunika. Nilidhani ninachokiogopa ni siku atakapoifunua.

Baada ya mavuno ya pili baba mkwe aliagiza. Mdogo wake mke wangu alikuwa anachumbiwa, wageni watakuja, na mama anataka kabati lake lirudi ukutani. Hapo hapakuwa na mgongo wa kuumwa. Nilitengeneza mlango mpya, tukapanda lori, mbung'o wakatutafuna tena.

Ukuta ulikuwa umezibwa upya na kusiribwa. Haukuonyesha chochote. Safari hii niliingia sebuleni, mama mkwe akatoka nyuma, na kabla sijafungua sanduku nilimwambia mke wangu, "Nenda kamwulize mama, niweke wapi." Alikawia kidogo kunitazama, akatoka.

Nilisimama karibu na ukuta nikingoja. Kisha nikasikia mgongo wa nje wa ukuta ukigongwa. Ko, ko. Mama mkwe alikuwa akigonga kwa mchi au kipande cha mti, sijui, akianzia upande wa dirisha. Sauti ilikuwa fupi na kavu, tofali juu ya tofali. Nikafuata kwa penseli upande wangu, alama kwa alama. Aligonga hadi alipofika mahali akaacha. Halafu akagonga tena, mara moja, taratibu, na sauti ikawa na uwazi. Alikuwa ananionyesha ukingo wa mlango wake.

Na hapo, kutoka nje, nikamsikia akimwambia mke wangu, "Mwambie huku kuanzia hapa ni udongo mtupu. Asije akapita hapa."

Hakuwa amepaza sauti. Alisema kwa sauti ya mtu anayeongea na aliye kando yake. Lakini nilimsikia kana kwamba amesimama begani kwangu. Nilisikia hata pumzi zake, na kanga yake ikisugua ukuta.

Mke wangu akazunguka nyumba, akaingia, akasimama mlangoni. "Mama anasema huku kuanzia hapa..."

"Nimesikia," nikasema.

Tukatazamana. Mimi nilikuwa nimesimama mahali palepale niliposimama ile siku ya kwanza, mbele ya ule udongo mwembamba, niliposema mama apepete mchele wake. Nyuma ya udongo huo alikuwa amekaa mama mkwe na ungo. Nikakumbuka jinsi ungo ulivyonyamaza. Tofali la kuchoma lingeizuia sauti yangu. Fito na udongo haviizuii. Hilo nalo nilifundishwa karakana, kwamba unaujua ukuta hata kwa kinachopita ndani yake.

Alikuwa amesikia kila neno. Alisikia ujumbe wake ukifikishwa, akasikia jibu langu, na kesho yake akasikia uongo wangu. Ule ukali wote, nilikutuma nini jana, ulikuwa wa masikio ya wale wazee, ili mkwe wake asivuliwe nguo mbele za watu. Na binti yake akauelewa papo hapo, akajitwika. Mama na mtoto walinibeba, mmoja ndani na mmoja nje, na mimi katikati nikijiona nimeponea.

Nililitundika kabati upande wa dirisha. Sijui mikono yangu ilifanyaje kazi, lakini ilifanya. Niligonga kila shubiri ya ukuta, nikatoboa vitundu vya majaribio, vumbi lote likatoka jekundu. Nikaweka vigingi sita badala ya vinne, na chini yake ubao wa kulibebea. Nikaning'inia mwenyewe kwenye kabati kwa uzito wangu wote, miguu juu, mke wangu akitazama. Halikutikisika.

Tulipokaa kula, walikuwapo baba mkwe na wale wazee wawili, walewale. Nikaweka chini tonge, nikasema, "Baba, siku ile niliambiwa. Mke wangu hakusahau. Aliniambia, nikamjibu vibaya."

Mzee mmoja akaacha kutafuna. Baba mkwe alimalizia tonge lake bila haraka, akachovya vidole kwenye maji.

"Tunajua," alisema. "Mama yenu alikuwa hapo nyuma."

Nikainamisha kichwa.

"Alisema tusikuulize," akaendelea. "Alisema utasema mwenyewe." Akajifuta mikono. "Tumevuna mara mbili."

Halafu akanisogezea bakuli la mboga, akaniambia nile, wali unapoa. Hakulitaja tena maisha yake yote.

Kesho yake asubuhi mama mkwe alimpa mke wangu mchele wa kurudi nao, na tukatembea hadi barabarani kusubiri lori. Tulikaa juu ya gunia. Nilikuwa nimepata wepesi fulani, kusema kweli. Nilijiona mtu aliyetubu mbele ya watu, na nilikuwa nangoja mke wangu aseme jambo jema. Alikuwa akichora chora mchanga kwa kijiti.

"Nikuulize kitu," akasema.

"Uliza."

"Kama jana usingemsikia mama kwenye ule ukuta, ungesema?"

Vumbi la lori lilikuwa linaonekana kwa mbali. Niliinuka nikapunga mkono lisimame, ingawa lilikuwa bado mbali sana, na lilipofika nilipakia gunia na kumshika mkono apande, na sikumjibu. Hakuuliza mara ya pili, wala njiani, wala tulipofika, wala katika miaka yote hii.

Mama mkwe alikufa na kabati likiwa ukutani, na ndani yake vyombo vya bati, kwa sababu vya kauri hakuwahi kupata vingine. Baba mkwe naye amekwenda. Mke wangu yupo. Sasa hivi namsikia jikoni akichochea moto wa chai. Jibu ni hapana, nisingesema. Nimeliandika hapa kwa sababu kumwambia usoni bado sijaweza.